Kidole Kimoja Kiachwe Wazi: Stika za Kucha, Piko na Afya ya Mkono mjini Tabora

Alasiri, jua la Tabora linapoanza kupoa na vivuli vya miembe kurefuka, husikika katika mitaa ya Ng'ambo, Isevya na Gongoni mlio mwembamba wa chupa zinazogonganishwa. Ni kijana mwenye kikapu cha plastiki kilichojaa rangi za kucha, pamba, tupa, mkasi na wembe, anayejitangaza bila kupaza sauti. Huitwa uani, huketishwa juu ya kigoda, na kwa malipo madogo huosha miguu ya mama mwenye nyumba, humkata kucha na kumpaka rangi. Kisha huwageukia binti zake, na jirani aliyekuja kuomba chumvi naye hunyoosha mguu. Mkasi ni ule ule. Wembe ni ule ule. Maji ya beseni hubadilishwa pale tu yanapokuwa meusi mno.

Siku hizi kijana huyo amepata mpinzani, nacho ni kipande cha karatasi. Katika maduka ya vipodozi huuzwa stika za maji: picha ndogo za maua, vipepeo, au nakshi zinazofanana na michoro ya hina, zilizochapwa juu ya utando mwembamba ulioshikizwa kwenye karatasi kwa gundi ya wanga. Picha hukatwa kwa mkasi, hutumbukizwa katika maji kwa nusu dakika hivi mpaka gundi ilainike na picha ianze kuteleza, kisha huhamishiwa juu ya ukucha uliokwisha kupakwa rangi na kukauka. Ufundi wenyewe ni wa kale kuliko unavyoonekana, kwani watengenezaji wa vyombo vya kauri wa Ulaya walikuwa wakihamisha picha kutoka karatasini tangu karne ya 18, na maua mengi yanayopamba sahani na vikombe vya kabatini yalifika hapo kwa njia iliyo jamaa na hii. Binti wa miaka 16 anaweza kuifanya kazi hiyo peke yake, chumbani, kwa bakuli la maji na kibanio.

Watumishi wengi wa afya, wanapoulizwa juu ya mapambo ya kucha, hujibu kwa neno moja: acheni. Jibu hilo ni jepesi, nalo limeshindwa. Linaweka katika kapu moja vitu visivyolingana hata kidogo kwa hatari, yaani stika ya maji, jeli inayokaushwa kwa taa, kucha za bandia na piko. Mwanamke aliyekatazwa vyote kwa mkupuo mmoja hurudi nyumbani akachagua kwa bei na kwa ushauri wa shoga yake. Hoja inayotetewa hapa ni nyingine: kwamba stika ya maji iliyobandikwa nyumbani juu ya rangi ya kawaida ni miongoni mwa mapambo ya kucha yenye madhara machache kabisa, kwamba mtumishi wa afya angefanya vema kulisema hilo waziwazi, na kwamba yeye naye ana haki ya kudai kitu kimoja kutoka kwa mgonjwa wake, nacho ni kidole kimoja katika kila mkono kiachwe bila pambo lolote.

Pambo dogo lililotoka mbali si jambo geni katika mji huu. Burton na Speke walipofika Kazeh mnamo Novemba 1857, walikuta kituo kikuu cha misafara ya Unyanyembe, ambako njia ya kutoka Bagamoyo iligawanyika, moja ikielekea Ujiji na nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Mizigo iliyobebwa na wapagazi, wengi wao wakiwa Wanyamwezi, ilikuwa kwa sehemu kubwa ni nguo na ushanga: merikani, kaniki, na aina nyingi za ushanga, kuanzia ule mwekundu ulioitwa sami-sami hadi mweupe na wa buluu. Ushanga haukuwa mzaha. Kila nchi ilikuwa na rangi iliyoipenda kwa msimu huo, na mfanyabiashara aliyebeba rangi isiyotakiwa aliweza kujikuta na mizigo kamili isiyomnunulia hata chakula cha siku moja. Wanawake wa bara, ambao vitabu vya historia huwataja kwa nadra, ndio kwa kiasi kikubwa walioamua kipi kinauzika. Pamoja na watu wa pwani na Waarabu waliojenga tembe zao Kwihara na mjini, hina nayo ikapata makazi, na harusi nyingi za Tabora hadi leo hazijakamilika bila mikono ya bibi harusi kupakwa.

Njia za misafara zilipitisha pia kitu ambacho hakikutakiwa na mtu. Funza, yule kiroboto mdogo ambaye jike lake hupenya ngozi kando na chini ya ukucha wa mguu, hakuwa wa Afrika. Alifika pwani ya Angola kutoka Amerika ya Kusini kwa meli mwaka 1872, akavuka bara ndani ya vidole vya wapagazi na askari, na kabla karne hiyo haijaisha alikuwa amefika Bahari ya Hindi. Mkoa wa Tabora, uliokuwa njia panda ya nchi, haukuweza kuwa mtazamaji tu wa safari hiyo. Habari hii inakumbushwa kwa sababu moja: ukucha ni mlango, na jambo la kwanza la kuulizwa juu ya pambo lolote ni kama linaufungua mlango huo au linauacha kama ulivyo.

Kwenye shina la ukucha pana ukingo mwembamba wa ngozi iliyokufa, ulioshikamana na ukucha kama lakiri juu ya barua. Wapambaji wengi huuona kuwa ni uchafu. Kijana wa kikapu huusukuma nyuma kwa ncha ya mkasi, kisha huukata, na mteja humsifu kwa usafi wa kazi. Kumbe lakiri ndiyo imevunjwa. Mama yule yule usiku huo ataosha vyombo, kesho atafua, na mikono yake itashinda majini. Bakteria na fangasi huingia pale palipokatwa, na baada ya siku chache kidole huvimba, hupwita na kutunga usaha. Watu huita hali hiyo mdudu wa kidole, na wengi hukichoma kwa kitu cha moto au kukifunga dawa za majani kabla ya kufikiria zahanati. Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia katika vidole vya miguu huweza asihisi lolote mpaka harufu imfikie.

Zaidi ya hapo kuna damu. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata katika tone lililokauka lisiloonekana kwa macho. Tanzania iliingiza chanjo ya ugonjwa huo katika ratiba ya watoto mwaka 2002, hivyo wengi wa kina mama wanaoketi juu ya kile kigoda walizaliwa kabla yake, na wachache kati yao wamepata chanjo ukubwani. Mkasi unaotoka kidole cha mama kwenda kidole cha jirani bila kuoshwa ni jambo zito kuliko rangi yoyote iliyomo ndani ya kikapu. Hapa ndipo stika ya nyumbani inapopata sifa yake ya kwanza, na sifa hiyo haitokani na stika yenyewe. Inatokana na neno nyumbani. Binti anayejipamba chumbani hutumia kikata kucha chake, beseni lake na taulo lake, na hana sababu ya kukata ile ngozi ya shina ili amridhishe mteja.

Hata hivyo, kuna namna njema na namna mbaya ya kuibandika. Mikono ioshwe kwa sabuni na ikaushwe kabisa, kwa maana maji yaliyonaswa chini ya rangi ndiyo huifanya ibanduke na kuacha uwazi unaohifadhi unyevu. Rangi ya chini, nyeupe au nyingine iliyofifia ili picha ionekane, isiguse ngozi. Iachwe nafasi nyembamba kama uzi pande zote. Isubiriwe ikauke kweli, kwa kuwa hapa ndipo wengi hukosea kwa haraka. Picha ikatwe iwe ndogo kidogo kuliko ukucha, iwekwe kwa kibanio, ikandamizwe taratibu kutoka katikati kwenda pembeni kwa pamba yenye unyevu mpaka mapovu yatoke, kisha ifunikwe kwa tabaka moja la rangi angavu. Maji ya bomba yanatosha. Hayahitaji kuwa ya moto wala kutiwa kitu. Pambo litadumu siku chache, pengine wiki, na kwa mwanamke anayelima tumbaku Urambo au kutwanga kila asubuhi litadumu muda mfupi zaidi. Uhaba huo wa maisha yake ni faida kwa mtazamo wa tabibu, ingawa hakuna muuzaji atakayeuandika juu ya pakiti.

Katika kuliondoa, hatari kubwa ni moto. Asetoni, ambayo ndiyo kiini cha dawa nyingi za kutolea rangi, hutoa mvuke unaoshika moto kwa wepesi wa petroli, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni. Usiku umeme umekatika, kibatari kiko mezani, jiko la mkaa liko mlangoni, na msichana ameketi mkekani na chupa iliyofunguliwa: picha hiyo yatosha kumtia hofu yeyote aliyewahi kufanya kazi katika wodi ya majeraha ya moto. Kazi hiyo ifanywe mchana, dirisha likiwa wazi, mbali na watoto. Pamba iliyoloa iwekwe juu ya ukucha kwa nusu dakika, kisha ifutwe kuelekea nchani. Kukwangua kwa wembe huondoa rangi pamoja na tabaka la ukucha wenyewe, na ukucha wa mkono hukua milimita 3 tu hivi kwa mwezi. Ulioharibiwa hadi shina huchukua miezi 6 kurudi, na wa dole gumba la mguu huweza kuchukua mwaka na nusu.

Lipo pia kosa lisilohusu ufundi. Stika ni sitara nzuri mno ya ukucha mgonjwa. Ukucha uliogeuka njano, ukawa mnene na kumeguka kwa fangasi hufunikwa kwa waridi, na chini ya waridi fangasi hustawi. Ukucha uliochekea kama kijiko huweza kuwa ishara ya upungufu wa madini ya chuma. Mstari mweusi unaoshuka kutoka shina hadi ncha ni jambo la kawaida kwa watu weusi, na mara nyingi hauna ubaya. Lakini mstari ulio katika ukucha mmoja tu, unaopanuka mwezi baada ya mwezi, au ambao weusi wake umevuka ukucha na kuingia katika ngozi, lazima uonekane na daktari. Mwanamuziki Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, aliuawa na saratani ya ngozi iliyoanzia chini ya ukucha wa mguu. Ni busara basi kuziacha kucha wazi siku kadhaa kila mwezi na kuzitazama mchana kweupe.

Sasa vitazamwe vile vitu vingine vilivyomo katika kapu lile lile. Saluni za mjini hutoa jeli inayogandishwa kwa taa ya urujuanimno, pamoja na kucha za bandia za unga wa akriliki. Vyote viwili hutegemea kemikali za jamii ya metakrilati. Zikiganda kikamilifu hutulia. Zikigusa ngozi kabla ya kuganda, au taa ikiwa dhaifu, huweza kuufundisha mwili kuzichukia, na mwili ukishajifunza hausahau. Ncha za vidole huwasha, hupasuka, ukucha huachana na nyama yake, na wakati mwingine kope na shingo huvimba kwa sababu mkono hugusa kila mahali. Baya zaidi ni kwamba kemikali za jamii hiyo hutumika katika kuziba meno, katika saruji ya kushikiza nyonga ya bandia na katika gundi za baadhi ya vifaa vya wagonjwa wa kisukari. Msichana aliyetafuta kucha za harusi akiwa na miaka 20 huweza kukuta akiwa na miaka 50 kwamba amejifungia mlango wa tiba. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya uliamua kwamba kemikali ya HEMA na ndugu yake mmoja, zinapokuwa katika bidhaa za kucha, zitumiwe na mafundi waliohitimu pekee. Na tangu Septemba 2025 umepiga marufuku kabisa kemikali ya TPO, iliyokuwa ikisaidia jeli kuganda. Bidhaa zinapofungiwa soko moja, hutafuta jingine. Hilo ni jambo la mamlaka za bandarini kulitazama, lakini hata mnunuzi anaweza kusoma kilichoandikwa kwenye chupa.

Piko ni habari nzito zaidi. Ile nyeusi inayokolea kwa dakika chache, tofauti na hina halisi inayohitaji saa kadhaa na kutoa rangi ya kahawia iliyoiva, mara nyingi si mmea hata kidogo: ni unga wa kupakia nywele wenye kemikali iitwayo PPD, uliokorogwa kwa nguvu ambayo hakuna mtengenezaji aliyeikusudia kwa ngozi. Ulaya huiruhusu kemikali hiyo katika rangi za nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na haiiruhusu kabisa kupakwa kwenye ngozi. Malengelenge yanayofuata mchoro kama chapa, makovu, na chuki ya kudumu dhidi ya rangi za nywele, rangi za baadhi ya nguo na baadhi ya dawa za ganzi, ndiyo malipo yake. Na unga huo ukimezwa, kwa bahati mbaya au kwa kukata tamaa, huvimbisha koo na kuua figo. Hospitali za Sudan zimeushuhudia msiba huo kwa miaka mingi. Pakiti iliyobaki baada ya harusi isiachwe kabatini pamoja na viungo vya chai.

Kwa nini basi wanawake wa Tabora wasiache piko wakachukua stika? Mtumishi wa afya asiyeliuliza swali hili atashangaa daima kwa nini ushauri wake haufuatwi. Wengi wa wanawake hao ni Waislamu, na kwao rangi ya kucha huzuia maji ya udhu yasiufikie ukucha. Hina na piko hutia rangi bila kuacha utando, na kwa hiyo haziingilii sala. Mwanamke mwenye kuswali mara tano kwa siku hawezi kubandika leo na kubandua alasiri. Stika kwake ni pambo la siku zile za mwezi asizoswali, au si pambo kabisa. Kumwambia achague stika badala ya piko ni kumwambia achague kati ya ngozi yake na sala yake, na anajua atakachochagua. Ushauri unaomfaa ni hina halisi: majani ya mhina yaliyosagwa na kukorogwa kwa maji na ndimu, bila unga wa nywele, bila petroli wala mafuta ya taa yanayoongezwa ili ikolee upesi. Tahadhari moja tu yapasa kuandamana nayo. Mtoto mchanga asipakwe. Kiini cha hina hupenya ngozi na huweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na upungufu huo ni wa kawaida katika nchi ambazo malaria imekaa kwa vizazi vingi. Taarifa za kitabibu kutoka nchi za Ghuba zimeeleza watoto waliopatwa na manjano makali na upungufu wa damu wa kutishia maisha baada ya kupakwa.

Mpaka hapa mambo yote ni ya nyumbani. Yanabadilika mlangoni mwa hospitali.

Kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hupitisha aina mbili za mwanga katika ukucha na nyama, kikakadiria rangi ya damu kwa mwanga uliobaki upande wa pili. Rangi nyeusi, buluu na kijani iliyokolea huunyonya mwanga huo, na ukucha mnene wa akriliki au picha iliyokolea wino huweza kukizuia kipimo kisisome. Vifaa vya kisasa hustahimili rangi nyingi, na tofauti huwa ndogo. Lakini asilimia 2 ni ndogo kwa mtu mzima wa afya, si kwa mtoto wa nimonia anayesomeka 91. Tena kipimo hicho chenyewe hakikuwahi kuwa mwamuzi wa haki kwa watu weusi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni uliofichika nyuma ya namba nzuri ulipatikana karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe, asilimia 11.7 kwa 3.6. Juu ya kosa hilo hakuna haja ya kuongeza tabaka la wino.

Mahali pasipo na kipimo, ukucha ndio kipimo. Muuguzi wa zahanati ya Uyui au Sikonge hubonyeza ukucha wa mama anayetokwa damu baada ya kujifungua, huuachia, na kuhesabu: wekundu ukirudi ndani ya sekunde 2 au 3, damu bado inafika vidoleni, ukichelewa, mama anaelekea kuzimia na gari la kumpeleka Kitete lisisubiri. Hesabu hiyo haigharimu chochote. Lakini haiwezekani juu ya ukucha mweusi wa piko, na piko haitoki kwa asetoni. Hutoka kwa kukua kwa ukucha, na miezi 6 haipo chumba cha kujifungulia.

Ndiyo maana ya kidole kimoja. Mama mjamzito anapofika kliniki, kabla ya mwezi wa saba, aambiwe kwa upole kwamba apambe anavyopenda, isipokuwa kidole cha shahada cha kila mkono kibaki kama alivyoumbwa nacho. Na anayetarajia upasuaji aambiwe vivyo hivyo. Ni sharti linaloeleweka kwa dakika moja, linalomwachia mwanamke vidole vinane vya furaha, na linaloweza kutimizwa hata na bibi harusi. Akifika pasipo kulijua, muuguzi anayo njia: kipimo kibanwe kwa ubavu wa kidole badala ya juu ya ukucha, au kwenye dole la mguu, na utando wa ndani wa kope utazamwe kwa dalili za upungufu wa damu. Asichopaswa kufanya ni kumkemea mama mbele ya foleni na kumwita mshamba wa mapambo. Mama aliyeaibishwa kwa kucha zake ana sababu moja zaidi ya kuchelewa kuja mara nyingine.

Na aliye upande wa pili wa kitanda je? Kwake hakuna kidole kimoja wala viwili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu usafi wa mikono unataka anayehudumia wagonjwa asivae kucha za bandia, na zake za asili zisizidi nusu sentimita. Sharti hilo lina makaburi nyuma yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika wodi ya watoto wachanga mahututi huko Oklahoma City, watoto 46 walipatwa na bakteria aina ya Pseudomonas katika muda wa miezi 15, na 16 kati yao walifariki. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulihusisha maambukizi hayo na wauguzi wawili waliokuwa na bakteria hao mikononi, mmoja akiwa na kucha ndefu za asili na mwingine ndefu za bandia. Walikuwa wakinawa. Bakteria walikaa mahali ambapo sabuni haifiki.

Stika ya maji juu ya ukucha mfupi si sawa na ukucha wa bandia, na mtetezi wake anaweza kusema hivyo kwa haki. Lakini hubanduka kingo baada ya kunawa mara ishirini kwa zamu moja, na chini ya ukingo uliobanduka pana nafasi ile ile. Kwa hiyo mkono wa wodini ubaki mtupu, na sharti hilo limhusu daktari bingwa kama linavyomhusu mwanafunzi wa uuguzi. Hospitali nyingi hulitaja kwa mwanafunzi na kulisahau kwa bingwa. Muuguzi apendaye urembo bado ana vidole kumi vya miguu ndani ya viatu vilivyofunikwa, na hakuna mgonjwa atakayedhurika kwa vipepeo asivyoviona.

Amebaki kijana wa kikapu. Stika haitamwondoa mtaani, wala haifai kuombwa imwondoe. Anakula kwa kazi hiyo, na wateja wake wengi hawana muda wala subira ya bakuli na kibanio. Anaweza kufundishwa. Maofisa afya wa manispaa, ambao tayari hukagua vinyozi na mama lishe, wangeweza kuwaita vijana hawa kwa siku moja na kuwapa mambo matatu tu ya kushika. Kwanza, ngozi ya shina la ukucha haikatwi. Pili, wembe hutumiwa kwa mtu mmoja na kutupwa, au mteja alete wake. Tatu, mkasi, tupa ya chuma na kikata kucha huoshwa kwa sabuni na maji, kisha hulazwa dakika 10 katika maji ya klorini yenye nguvu ya asilimia 0.5. Dawa ya kufulia inayouzwa madukani kwa nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, na kupata nguvu hiyo. Baadaye vifaa visuuzwe na kukaushwa, maana klorini hula chuma. Chupa mbili za plastiki zenye mfuniko zinatosha, na nafasi ndani ya kikapu ipo, kati ya pamba na rangi nyekundu.